Umeniuliza tumetoka wapi

Wete, Pemba

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia Ijumaa niliisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na bibi yako. Umesema hapo kazini kwenu Maskati watu hawaishi kukuuliza asili yako, na mwenzako mmoja kakuonesha kwenye simu habari ya mifupa ya Waswahili wa kale iliyopimwa vinasaba. Ukaniuliza: "Mama, kumbe kweli sisi ni Washirazi? Nitume mate yangu nikapimwe?" Bibi yako hakungoja sauti imalizike. "Mwambie ndiyo, na kupimwa hana haja." Mie nimechukua siku nne. Nimesomesha bayolojia maisha yangu yote, na swali hili siwezi kulijibu kwa neno moja.

Habari uliyooneshwa ni ya kweli. Ilitoka Machi 2023 kwenye jarida la sayansi la Nature, na miongoni mwa walioiandika ni Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, pamoja na Chapurukha Kusimba, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Kenya. Walipima mabaki ya watu 80. Wengi walizikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Watu wengi wa pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya vinasaba vyao kutoka Afrika, na sehemu kubwa ya vilivyobaki kutoka Asia. Hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 yake imetokana na wanaume wa Uajemi, na kuna na ya Bara Hindi ndani yake. Damu hizi zilianza kuchanganyika kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya 1500 Uajemi unapungua na Uarabuni unaongezeka.

Basi bibi yako hakusema uongo, na wazee wa Kilwa waliosimulia habari za watu kutoka Shirazi, mji wa Uajemi, hawakutunga tu. Lakini soma tena, utaona kitu ambacho mwenzako kakiruka. Ule upande wa Afrika umepitia zaidi kwa kina mama.

Wamejuaje? Hili nililisomesha kila mwaka. Ndani ya seli kuna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, vyenye DNA yao wenyewe (DNA ndiyo hivyo vinasaba), na hiyo mtoto huirithi kwa mama tu. Kromosomu Y, fungu la vinasaba walilonalo wanaume, nayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Ukizisoma mbalimbali, unamfuata mama wa mama wa mama kwa njia yake, na baba wa baba wa baba kwa njia yake. Kwenye makaburi yale, njia ya mama ilirudi Afrika takriban kwa kila mtu, na njia ya baba mara nyingi ikavuka bahari.

Niliposoma hayo nilikwenda kwenye sanduku la marehemu babako nikaitoa ile shajara, karatasi ya mti wa ukoo. Unaikumbuka, imekuwa rangi ya chai, kingo zimeliwa na mende, imeandikwa kwa hati ya Kiarabu na wino uliofifia. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka juu kabisa. Nimeihesabu: majina kumi na saba, na mwanamke hata mmoja hamna. Nimeishi na karatasi hiyo tangu nilipoolewa na sikuwahi kuliona hilo. Neno lenyewe vinasaba limezaliwa na nasaba, mwanangu, na nasaba yetu tumeiandika nusu. Hao waliokuja na majahazi walioa hapa, na watoto wao walilelewa na mama zao na bibi zao. Ndiyo maana mimi nakuandikia Kiswahili leo, wala si Kifarsi.

Sasa nikutahadharishe. Katika makaburi yale hamna hata moja la Unguja wala la Pemba. Tena mengi ni ya wenye nafasi zao, waliozikwa karibu na misikiti ya mawe. Mvuvi na mkulima wa mji huohuo huenda alizikwa pengine, na hakupimwa. Kwa hiyo usije ukachukua hesabu ya Mtwapa ukawatajia watu hapo Maskati kuwa ndiyo hesabu ya ukoo wetu.

Kwetu hapa kuna habari nyingine, na mimi naipenda kuliko hiyo. Pango la Makangale unalijua, kule Micheweni, nyuma ya msitu wa Ngezi. Mwaka 2017 Pontus Skoglund, mtafiti wa vinasaba vya kale, na wenzake walitoa matokeo ya watu wa kale wa Afrika, na humo mna mifupa kutoka Makangale na kutoka pango la Kuumbi, Jambiani. Mmoja wa Makangale aliishi takriban miaka 1,400 iliyopita, karibu na zama za Mtume (S.A.W.). Yeye na yule wa Kuumbi walikuwa wa jamii ya wawindaji wa zamani waliotapakaa toka Ethiopia hadi kusini mwa Afrika, kabla wakulima wa Kibantu hawajafika. Pango lilelile la Makangale likatoa mtu mwingine, wa miaka 600 iliyopita. Huyo ni Mbantu mtupu. Damu ya wale wa mwanzo haikuonekana kwake. Na Pemba haikuwa imeshikana na bara hata wakati bahari ilipokuwa chini sana, maana mkondo wa bahari baina yetu na bara una kina cha mamia ya mita. Yule mwindaji, au wazee wake, walivuka kwa chombo. Nimewahi kupeleka wanafunzi pangoni pale nikawasomesha habari za popo, na sikujua nimesimama kwenye nyumba ya nani.

Bibi yako aliniuliza inawezekanaje mfupa kusema baada ya miaka yote hiyo, nikamkumbusha kichwa cha mbuzi. Ukikipasua kwa supu, shoka hupita kila mahali, lakini nyuma ya sikio kuna kipande kinachogonga kama jiwe. Binadamu naye anacho, kinafunika sikio la ndani, na hakuna mfupa unaohifadhi DNA vizuri kama huo. Wapimaji wanakitoboa wakapata unga kidogo tu. Joto na unyevu wa kwetu ni adui mkubwa: DNA hukatikakatika vipande vifupi mno, na herufi zake (DNA husomwa kwa herufi nne: A, C, G na T) huharibika kwenye ncha, C ikasomeka T. Uharibifu huo huo ndio unaowasaidia, kwa sababu DNA ya jasho au mate ya mchimbaji wa juzi haina kovu hizo. Hapo bibi akanyamaza, kisha akauliza: "Na baadaye wameyarudisha?" Nilifurahi kuwa yeye ndiye aliyeliuliza. Kule Mtwapa walitaka kwanza ridhaa ya wenyeji, wakachimba, wakachukua sampuli na wakazika upya ndani ya msimu mmoja. Bibi akasema, "Hapo sawa."

Elimu hii yenyewe ilianza kwa mnyama wa Afrika. DNA ya kwanza ya kiumbe aliyetoweka ilisomwa mwaka 1984 kutoka nyama kavu iliyoganda kwenye ngozi ya kwaga, aina ya punda milia, ambaye wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Nakwambia hili kwa sababu Kuumbi kumechimbwa mifupa ya punda milia pia. Ndiyo, Unguja! Enzi hizo Unguja ilikuwa imeungana na bara, maji yalipopanda wakabaki kisiwani mpaka wakaisha. Na panya wa darini, anayetafuna magunia ya watu, si mwenyeji kabisa. Huyo alikuja na vyombo kutoka Asia, na kwenye mji wa kale wa Unguja Ukuu anaonekana tangu karne ya 7 au ya 8. Panya ana historia ya safari za baharini kuliko mabaharia wengi.

Ama mate yako, sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Lakini jua kwamba asilimia watakazokuletea ni za kukulinganisha na watu wanaoishi leo ambao kampuni inao kwenye daftari lake, na watu wa pwani yetu humo ni wachache. Tena mate hayo si yako peke yako. Ndani yake yumo dada yako, nimo mimi, na bibi yako ambaye hajaulizwa. Mwulize kwanza.

Mimi nimeanza kazi nyingine. Nyuma ya shajara nimebandika karatasi mpya, na kila jioni baada ya magharibi namkalisha bibi yako nikamwuliza: mama yako nani, na mama yake nani? Nimepata majina manne kwa upande wake na matatu kwa upande wangu. Juzi alifika kwa mama wa bibi yake akakwama. Alifumba macho, akasema linaanza na Mwana, Mwana nani sijui, alikuwa akiuza ukili Tumbe. Nimeliandika hivyohivyo, Mwana, na mbele yake nimeacha nafasi. Ami zako wa Tumbe wana simu. Wapigie wewe, mimi hawanipokei.

Mamako