Kisonono kinachorudi baada ya dozi

*Daktari, shikamoo. Nilitokwa usaha na mkojo ukawa unachoma. Duka la dawa nikapewa sipro, nikapata nafuu siku tatu, hali ikarudi. Nikaongezewa azuma, nayo vilevile. Au nauziwa dawa feki?* — Msomaji, Mwanza

Marahaba. Dawa inaweza kuwa halisi kabisa na isikusaidie. Sipro (siprofloksasini) hushambulia kimeng'enya ambacho bakteria wa kisonono hukitumia kunakili vinasaba vyake. Wengi wameshakibadili umbo, dawa haishiki. Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007. Penisilini ilianza kuvunjwa na aina sugu zilizogunduliwa 1976. Tegemeo la sasa ni sindano ya seftriaksoni kwenye msuli, mara moja: miligramu 500 kwa mwongozo wa Marekani wa Desemba 2020 (gramu 1 kwa mwenye kilo 150 au zaidi), gramu 1 kwa Uingereza. Azithromaisini, ndiyo azuma uliyopewa, peke yake haitoshi tena.

Lakini usikimbilie dawa ya tatu dukani. Huenda umeambukizwa upya na mwenzio ambaye hajatibiwa, au una klamidia, au una *Mycoplasma genitalium*, bakteria mwingine wa zinaa, ambaye hana ukuta wa seli, mahali seftriaksoni hushambulia, hivyo haina pa kumgusa. Nenda kituoni kabla ya kumeza kidonge kingine, ukiwa hujakojoa kwa saa moja au mbili, taja dawa zote ulizotumia, kisha omba usaha uoteshwe, yaani vimelea vikuzwe maabara. PCR, kipimo cha vinasaba, itasema kisonono kipo. Dawa gani inakiua, kwa kawaida haisemi.

Kuotesha kunaharibikia njiani. Bakteria huyu hufa akikauka na akipigwa baridi, kwa hiyo sampuli iliyolazwa kwenye friji imekwisha. Ipakwe palepale kwenye sahani ya agari ya chokoleti (ni damu iliyopashwa moto, chokoleti haimo), nyuzi 35 hadi 37, penye hewa ya kaboni dioksidi. Maabara isiyo na mashine hufungia sahani kwenye mtungi pamoja na mshumaa unaowaka. Ukizimika wenyewe, kaboni dioksidi uliyoitoa inatosha. Vimelea huonekana baada ya saa 24 hadi 48, ndipo usugu upimwe.

*Kwa nini mnasisitiza kupima koo, na mtu haumwi koo?* — Msomaji, Tanga

Kwa sababu haumwi. Kooni kisonono hukaa kimya, dawa hufika kidogo, na kinaishi na ndugu zake wasio na madhara ambao hukipa vipande vya vinasaba, vikiwemo vya kuhimili seftriaksoni. Aina ya H041, ya kwanza kuthibitishwa kuwa sugu sana kwa dawa hiyo, ilitoka kooni mwa mwanamke mmoja Kyoto, Japani, 2009. Mwaka 2018 mgonjwa mmoja Uingereza alipona njia ya mkojo, koo likagoma, hadi akapewa etapenemu, antibiotiki ya kudungwa mshipani, siku tatu. Aliyetibiwa kisonono cha koo arudi kupimwa siku ya 7 hadi 14. Akiwahi mno, PCR huokota mabaki ya vimelea vilivyokufa.

*Nimesikia ukimeza doksi baada ya tendo huambukizwi. Ni kweli?* — Msomaji, Kisumu

Miligramu 200 za doksi (doksisaiklini) ndani ya saa 72 baada ya tendo zilipunguza sana klamidia na kaswende kwa wanaume wanaoshiriki ngono na wanaume, Marekani. Huko kwenu Kisumu utafiti wa wanawake 449, uliochapishwa 2023, haukuona kinga ya maana. Vipimo vya kusaka dawa hiyo kwenye nywele vilionyesha wengi hawakuwa wakizimeza, na vimelea vya kisonono vilivyopimwa vilikuwa tayari vinahimili tetrasaiklini, ukoo wa doksi. Kwa kisonono, basi, usiitegemee, na ukiwa mjamzito usiiguse bila daktari.