Anti, huu uyoga unalika?

Mvua zimeanza na meseji zenu nazo zimeanza, simu yangu imejaa picha za uyoga utadhani nimefungua genge. Wengi mmetuma picha ya kofia tu, imepigwa kwa juu, afu chini umeandika "anti huu unalika?" Jamani. Kwa picha ya namna hiyo sitamjibu mtu hata anibembeleze. Nimechagua maswali manne.

Shikamoo anti. Mi nimeolewa huku Mafinga ila kwetu ni Tanga, mambo ya kuokota uyoga sijakua nayo kabisa. Mama mkwe anaingia porini karibu kila asubuhi msimu huu na mi nataka niende naye nisionekane mzembe. Jirani kaniambia ukipika weka kijiko cha fedha au punje ya kitunguu swaumu, ikibadilika ikawa nyeusi bas kuna sumu. Mwingine kasema angalia kama umetobolewa na wadudu, maana mdudu hali sumu. Naomba kipimo kimoja tu cha uhakika.

Marahaba mwanangu. Kipimo hicho hakipo. Najua sio jibu ulilotaka ila ndo ukweli na wanaokudanganya kuwa kipo ndo wanaozikisha watu. Kijiko cha fedha kinakuwa cheusi kwa sababu ya salfa, hata yai la kuchemsha linakifanya hivohivo, sumu kali ya uyoga haikigusi. Kitunguu swaumu nacho, hakuna kinachojua. Na habari ya wadudu ndo mbaya kuliko zote maana konokono anakula uyoga wa kuua mtu na anaendelea na safari zake, ini lake sio ini lako. Kuchemsha sana ukamwaga maji, kukausha juani, kuweka chumvi au ndimu, ile sumu inayoua haitoki kwa hayo yote. Na usitegemee ulimi, waliokula uyoga wa kuua wakapona wengi wanasema ulikuwa mtamu.

Sasa msikilize mama mkwe wako akiwa porini. Hatakuambia "hii ya sumu, hii sio ya sumu", atakutajia jina. Huu ni fulani, ule ni fulani, ule mwingine hana jina lake anaupita kama vile hajauona. Hiyo ndo elimu yenyewe. Hajui uyoga wote wa pori zima, anajua aina zake labda kumi na mbili, anazijua kama anavyojua watoto wake. Kwa hiyo we msimu huu omba akufundishe aina moja au mbili tu, zingine mwachie mwenyewe abebe.

Ningekuwa mimi ningeanza na ule wa njano wa kwenye miombo, unaofanana na tarumbeta ndogo. Ugeuze. Uyoga mwingi chini ya kofia una karatasi nyembambanyembamba kama kurasa za kitabu, ukizipitisha kidole zinavunjika. Huu wa njano hauna kurasa, una mikunjo, kama ngozi ya kiwiko, imeungana na nyama yake na inateremka mpaka kwenye shina ikigawanyikagawanyika njiani. Ukiukwangua kwa kucha haibanduki. Unaota chini, kwenye udongo wa miombo, sio kwenye gogo. Ukiukuta juu ya kisiki kilichooza umejikusanya kama kichane, huo sio wenyewe hata kama rangi ni ileile.

Wa pili ni wa kichuguu. Hapa nina hadithi. Bibi yangu alikuwa hang'oi uyoga wa kichuguu, anauchimba, ana kijiti chake kimechongwa, anazungusha polepole mpaka shina linaisha na baada ya shina unaanza mzizi mrefu mweupe unapungua unapungua kama mkia wa panya, unaingia chini huko mchwa walipo. Maana uyoga ule ni shamba la mchwa, wanaulima wenyewe chini kwenye kiota chao kwa majani na miti waliyotafuna, mvua ikija ndo unachomoza juu. Siku moja mi nikavuta kwa haraka ukakatika kwenye udongo, nikaurusha kwenye kikapu. Bibi akautoa akautupa. Nikalia, ulikuwa mkubwa kama sahani! Akasema tu, "Mguu wake uko wapi?"

Nimekuja kuelewa ukubwani. Zile aina za kuua, za kundi linaloitwa Amanita, chini kabisa ya shina zina kifuko, kama yai lililopasuka na uyoga ukatokea ndani yake, na mara nyingi kifuko hicho kinabaki ardhini mtu akivuta au akikata kwa kisu. Wa kichuguu hauna kifuko, una mkia, na katikati ya kofia yake mara nyingi kuna kichongo kigumu kama chuchu. Sasa usipochimba utajuaje uko na upi mkononi?

Ila nikutahadharishe, kuna siku mama mkwe atachuma wenye kifuko na pete shingoni na atapika na mtakula mtashiba. Ni kweli, kwenye miombo zipo Amanita zinazoliwa na zinauzwa mpaka sokoni. Yeye anazijua. We ukiona kifuko acha, na wala usimbishie mkweo mbele ya watu!

Kingine, beba kikapu, usibebe mfuko wa plastiki. Uyoga ukifungwa kwenye plastiki unapata joto unatoa maji unaoza, afu ukiharisha unasema una sumu kumbe umeula umeoza. Na karibu na barabara kuu au shamba lililopuliziwa dawa usiokote, uyoga unafyonza kila kitu.

Anti habari, niko Kigamboni. Mvua ilivyonyesha bustanini kwenye nyasi umeota uyoga mweupe mkubwa una magamba ya kahawia juu, umejipanga nusu duara mzuri kweli. Fundi anayejenga kwa jirani anasema kwao wanakula. Nipike?

Usipike. Huo nina ugomvi nao binafsi. Miaka ya nyuma nimepanga nyumba yenye kauwanja ka nyasi ukaota huohuo na mimi kwa kiburi cha kukulia kwenye uyoga nikasema huu naujua, nikakaanga na nyanya na kitunguu, sahani moja. Kama saa mbili na nusu baadaye nilikuwa nimekumbatia ndoo, inatoka juu na chini kwa pamoja, mpaka alfajiri. Nilipelekwa kuwekewa dripu nikiwa siwezi kukunja vidole.

Kesho yake kutwa nilichukua kofia moja iliyobaki nikakata shina, nikailaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe nikafunika na bakuli usiku kucha. Asubuhi kuinua, karatasi ina mistari ya unga wa kijani, kijani cha kufifia kama ukungu wa mkate. Ndo sahihi yake hiyo. Ule wa kichuguu unaacha unga wa rangi kama maziwa yaliyotiwa waridi kidogo. Huu wa kwenye nyasi ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe, ndo unadanganya watu, kijani kinakuja ukizeeka. Sasa wengine mtafikiri hicho ndo kipimo mlichokuwa mnakitafuta. Sio! Unga wa kijani ni wa kukukataza, ila unga mweupe haukuruhusu, maana zile za kuua unga wake ni mweupe pee. Na fundi simsemi vibaya, labda kwao kuna unaofanana nao wanakula kweli. Kwao.

Hujambo dada. Nimezaliwa Tabora, sasa naishi Ujerumani karibu na Hannover. Mwezi wa tisa huku misitu inajaa uyoga na nimeona mmoja kama ule wa nyumbani kabisa. Wazungu wanaokota na mimi nimekumbuka kwetu. Unanishauri nini?

Sijambo ndugu yangu, na hamu yako naielewa. Ila "kama wa nyumbani" ndo maneno yanayotangulia msiba. Mwaka 2015 huko huko Ujerumani watu wengi waliokuwa wametoka kukimbia vita Syria waliokota uyoga wa kuua wakidhani ni ule wa kwao, mpaka hospitali ya chuo kikuu hapo Hannover ikatoa mabango ya lugha mbalimbali. California nako yamewapata watu kutoka Asia, kwao kuna uyoga unaoota kwenye majani ya mpunga, mzuri, ukiwa bado mchanga umefungwa kama yai, na wa kuua ukiwa mchanga umefungwa kama yai vilevile. Hao walikuwa wanajua uyoga, mtu asiyejua kabisa hata asingeinama kuokota.

Huo wa kuua wa Ulaya kofia yake ina rangi ya kijani cha zeituni au njano ya kupauka, wakati mwingine nyeupe, kurasa nyeupe, pete shingoni, kifuko chini. Unakaa na mizizi ya miti kama mwaloni, na umesafirishwa na miche mpaka Afrika Kusini na Australia. Ndo maana hata sisi huku tukiingia kwenye mashamba ya mipaina na miti mingine ya kigeni tusijione wenyeji, miti ikihama inahama na uyoga wake. Ule mwekundu wenye madoa meupe kama wa kwenye vitabu vya watoto, nao umekuja Afrika na mipaina.

Huko uliko wapo washauri wa uyoga waliofanya mitihani, unawapelekea kikapu wanakuangalizia mmoja mmoja. Nenda nao porini ukajifunze upya kama mtoto. Cha Tabora weka pembeni.

Anti, ile kesi ya Australia ya chakula cha mchana cha 2023, watu watatu wakafa kwa uyoga, walikula mchana wakaanza kuumwa usiku. Kwa nini sio palepale? Na mtu akishakula afanye nini? Msomaji wako, Songea.

Swali zuri na ndo maana nimeliweka mwisho. Mimi ule wa kwenye nyasi, kama huo wa Kigamboni, ulinitapisha ndani ya saa tatu, nikateseka nikapona. Ule wa kuua hauna haraka. Unakula, unashiba, unalala, kitu kinaanza saa 6 mpaka 12 baadaye, wakati mwingine hata zaidi, kutapika na kuharisha kama maji. Mtu anasema ni chakula cha jioni kimenidhuru, uyoga wa mchana hata haukumbuki. Afu siku ya pili anapata nafuu, anaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu, wanaruhusu wageni waondoke. Kumbe ndani seli za ini zinakufa, sumu imezizuia zisitengeneze protini. Siku ya tatu macho yanakuwa ya njano. Hapo ndo wengi wanapelekwa hospitali na hapo wamechelewa.

Kwa hiyo aliyekula uyoga akaanza kutapika saa nyingi baadaye aende usiku huohuo, asingoje kuche, na nafuu ya siku ya pili isimrudishe nyumbani. Waende wote waliokula sahani ile, hata asiyejisikia kitu, watoto mbele. Maziwa, mafuta ya kula, maji ya majivu, achana nayo. Mwambie daktari mlikula saa ngapi na dalili zilianza saa ngapi, hizo nyakati mbili ndo anazozitaka kuliko maelezo yote. Na mbebee uyoga wenyewe, uliobaki mbichi, maganda, vipande vya jalalani, kwenye karatasi. Kama umebaki kwenye sufuria tu, usiioshe, ifunike uende nayo hivohivo.