Uliza Tukujibu: Huyu wa Tivii Amejuaje?

SWALI: Hujambo mhariri? Mimi na kijana wangu wa Gredi ya 5 tumekosana juu ya samaki. Anasema kuna papa anaitwa megalodon, mkubwa kushinda matatu, na ati bado yuko hai huko baharini, kwa sababu aliona maprofesa kwenye tivii wakisema. Nikamwambia huyo alikufa kitambo, akanitazama tu akaniuliza, "Kwani baba wewe umesomea?" Nikanyamaza. Hivi vipindi vya sayansi siku hizi vimeharibika ama ni mimi nimezeeka? Zamani mtangazaji alikuwa anaongea polepole, saa hii ni kelele na muziki wa kutisha mpaka mbwa wa jirani anaanza kubweka. — Baba Mapacha, Kayole

JIBU: Pole Baba Mapacha, lakini huyo kijana ameuliza swali zuri sana, shida ni amemuuliza mtu asiyehusika. Angewauliza wale maprofesa wake, manake hawakuwa maprofesa, walikuwa waigizaji. Discovery Channel ndio walirusha hiyo kitu Agosti 2013, watu karibu milioni 5 wakaangalia, na ile ilani ya kusema kuna mambo yameigizwa ikapita mwishoni kabisa, sekunde chache, wakati wewe ushashika remoti unatafuta taarifa ya habari. Na mwaka mmoja kabla, chaneli ya Animal Planet walikuwa wamefanya hivyo hivyo na nguva, yule wa hadithi nusu mtu nusu samaki, mpaka idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na bahari ikabidi itoe taarifa kwamba hakuna ushahidi wa binadamu wa majini. Hebu fikiria, serikali nzima inakaa chini kuandika barua juu ya nguva!

Sasa kijana akirudi shule usimwambie "mimi ni baba yako." Muulize meno yako wapi. Papa mifupa yake si mifupa ngumu kama yetu, ni gegedu kama ile ya sikio lako, huoza haraka, kwa hivyo kinachobaki ni meno, na ya megalodon mengine yanafika karibu sentimita 18, yaani zaidi ya kiganja. Papa naye hudondosha meno maelfu maishani mwake, moja likitoka lingine linaingia. Kama wangekuwa bado wako, tungeokota meno mapya kila mahali, lakini yote yanayopatikana ni ya kale, hakuna hata moja la chini ya miaka milioni 2. Halafu alikuwa anakula nyangumi na kupenda maji ya joto karibu na pwani, huyo hangejificha, wavuvi wa Lamu wangeshamwona zamani.

Unaona hapo, nimekueleza watu wamejuaje. Mimi hicho ndicho kipimo changu cha mtangazaji, si digrii, si sauti nzito, si kuning'inia kwenye kamba juu ya volkano. Wiki iliyopita niliketi na kipindi kimoja cha volkano cha saa nzima (jina la chaneli tuliache), nikawa naweka alama kwenye karatasi ya bili ya stima kila jamaa akisema "baada ya mapumziko utashangaa." Mara 11. Na nikimaliza hapo bado sijui wanapimaje joto la lava, ambalo ndilo nilikuwa nataka kujua tangu mwanzo.

Lakini usiniambie zamani ilikuwa dhahabu. Mwaka 1958 Disney walitoa filamu ya wanyama wa kaskazini ikaonyesha vipanya vinavyoitwa lemming vikijirusha majini ati kujiua kwa pamoja, ikapata hadi Oscar. Baadaye ikajulikana vile vipanya vilinunuliwa, vikapelekwa Alberta huko Kanada, na wenye kamera ndio walivisukuma, na mpaka leo kuna watu wazima wanaamini hiyo hadithi. Kwa hivyo hujazeeka sana, uongo wa siku hizo ulikuwa unaongea polepole tu.

Wazuri walikuwepo pia, sikatai. Jacob Bronowski, mtaalamu wa hesabu, mwaka 1973 kwenye kipindi chake cha BBC, The Ascent of Man, alienda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, ambako jamaa zake wengi waliuawa, akaingia na viatu vyake na suti ndani ya kidimbwi ambacho majivu ya watu yalimwagwa, akainama akachota yale matope kwa mkono. Alikuwa anaeleza hatari ya mtu anayejiona anajua kila kitu bila kupima. Kijana wako akimaliza megalodon, mtafutie hiyo, lakini kaa naye.

SWALI: Mbona watangazaji wote wa sayansi ni wazungu, na sisi Kenya tukionyeshwa ni simba tu na Maasai Mara? — Mama Kui, Rongai

JIBU: Si wote Mama Kui. Paula Kahumbu, Mkenya mhifadhi wa wanyama, ana kipindi chake cha wanyamapori na anaongea na Wakenya wanaofanya hiyo kazi wenyewe. Lakini mimi ukiniuliza, kipindi bora cha sayansi hapa kwetu ni Shamba Shape Up, iko tangu 2012, Kiswahili na Kiingereza, na hakuna mtu hukiita sayansi kwa sababu kuna ng'ombe na udongo ndani. Wanaenda kwa mkulima, wanaangalia tatizo, wanaleta mtaalamu anaeleza sababu, na mkulima anauliza maswali, tena makali. Hiyo ni sayansi kushinda grafiki zote za sayari.

Pale una haki ni kwamba hadithi zetu tunaziacha zilale. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksrei angani, na data yake ndiyo ilisaidia wanasayansi kuanza kuamini kwamba kitu kinaitwa Cygnus X-1, huko mbali kwenye nyota, kina shimo jeusi, yaani mahali mvutano ni mkali mpaka hata mwanga hautoki. Walichagua huku kwa sababu karibu na ikweta dunia yenyewe inazunguka kwa kasi zaidi, inaisukuma roketi bure. Sasa niambie ni mtangazaji gani amesimama Ngomeni, ufukoni karibu na hilo jukwaa, na wavuvi nyuma yake, akaeleza hayo kwa Kiswahili? Na ile pete ya chuma ya kilo 500 ilipoanguka Mukuku, Makueni, Desemba 2024, mtaani kwetu watu walishaamua ni bomu kabla Shirika la Anga la Kenya hawajasema ni kipande cha roketi. Hapo ndipo tungehitaji mtu wa kutuliza watu, mwenye ubao na chaki tu.

SWALI: Niko kidato cha tatu, nataka kuwa mtangazaji wa sayansi lakini fizikia inanilemea. Niache? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Usiache fizikia, na usiache ndoto pia. Patrick Moore aliendesha kipindi cha nyota BBC kuanzia 1957 mpaka alipofariki 2012, na hakuwahi kusomea chuo kikuu, alikuwa tu na darubini na uvumilivu. Anza nyumbani. Omba simu, jirekodi dakika tatu ukimweleza shosho kwa nini maziwa hufurika yakichemka na maji hayafuriki, halafu umwache akuulize maswali. Usiweke muziki.