Je, njia za baiskeli zitazidisha foleni Kampala? Jibu la mpanda baiskeli

Ndugu uliyeuliza kama njia za baiskeli zitazidisha foleni Kampala kwa kuwanyang'anya wenye magari nafasi: mimi napanda baiskeli karibu kila siku, Bwaise hadi Kikuubo, eneo la maduka katikati ya jiji, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona.

Mimi mtoto wa Busia. Huko mpakani ndiko neno boda boda lilikoanzia, baiskeli zikivusha watu na mizigo kati yetu na Wakenya, kabla pikipiki hazijalirithi jina. Ujanani nimebeba abiria kwenye keria yenye mto wa sponji. Nilipohamia Kampala sikuona haya kuendelea kunyonga, ingawa shemeji zangu mpaka leo wanasema hicho ni chombo cha muuza matoke.

Sasa foleni. Kutoka Bwaise kwenda Wandegeya asubuhi, angalia kinachoziba barabara. Taksi ya abiria 14 imesimama njiani, konda anamwita mtu wa mwisho ambaye hata hajavuka mtaro. Nyuma yake gari kubwa, ndani dereva peke yake. Mbele kwenye taa, kila upande umejisukuma katikati, hakuna anayetoka. Baiskeli hapo inazuia nini? Mimi napita pembeni, tena kwa roho mkononi, maana pikipiki nazo zinapita hapo hapo.

Njia ya baiskeli tunayo, ile ya majaribio iliyojengwa Namirembe Road na Luwum Street. Siku ya kwanza kuipita nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Furaha haikudumu. Leo unakuta boda zimeegeshwa, kesho nyanya zimepangwa juu ya gunia, na mama mwenye nyanya anakutazama kama wewe ndiye uliyepotea. Simlaumu. Mtu huuza wanapopita watu, na mwenye boda naye lazima awe na steji. Ukichora njia bila kuwatengea hao mahali, umewajengea wao. Na nguzo za kuitenga njia zikiachana kiasi cha pikipiki kupenya, itapenya tu.

Halafu kuna makutano. Katikati ya barabara naweza kujitetea mwenyewe. Kwenye makutano, gari linapokata kushoto bila taa, ndipo nahitaji njia yangu, na ndipo huwa siioni. Serikali ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu 2012, na imeandikwa vizuri. Waliobaki kushawishiwa ni wenye sululu.

Ningeulizwa mimi, nafasi ya baiskeli ningeitoa kwenye maegesho ya pembeni, si kwenye njia ambayo magari yanatembea. Gari lililolala mbele ya duka kutwa nzima halimfikishi mtu popote.

Vilima? Mlima ukinishinda nashuka naikokota, na bado nafika mapema. Dukani mlinzi ananitunzia baiskeli kwa shilingi 500 kwa siku.

Kinachonishinda ni mvua tu. Bwaise ikifurika huoni barabara iko wapi na mtaro uko wapi. Siku hizo naiacha baiskeli nyumbani, napanda taksi, na saa nzima baadaye bado naiona Wandegeya dirishani.