"Smart" ya Mmarekani na "smart" ya Masindi

SWALI: Mzee mhariri, shikamoo. Mi ni dereva wa watalii hapa Masindi, Uganda. Juzi tukiwa njiani kwenda mbuga ya Murchison Falls hosi ya rejeta ikapasuka, nikavaa ovaroli yangu iliyojaa grisi, nikakata kipande cha tyubu ya zamani nikaifunga kwa nguvu, tukaongeza maji gari likawaka. Mama mmoja Mmarekani akapiga makofi, "you're so smart!" Nikajitazama nilivyo, nikanuna mpaka Paraa. Alikuwa ananicheka ama? Na hizi clever, bright, intelligent ni kitu kimoja? Manake nataka kumwandikia taniboi wangu barua ya kuombea kazi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Alikusifu huyo, tena kwa roho safi, ulinuna bure. Sisi Kiingereza tulikipata kwa Waingereza waliotutawala mpaka 1962, na kwao smart kwanza ni mavazi, shati limechomekewa, suruali imekula pasi, ndo maana ukitoka soko la Owino na koti la mivumba, yaani mitumba, mtaa mzima wanakwambia "eh, you are smart!" Mmarekani yeye kwa neno hilo hilo anasifu kichwa, ovaroli yako wala hakuiona. Alafu asili yake ni neno la maumivu, mpaka leo sabuni ikiingia machoni Waingereza wanasema macho yana-smart. Ila mtu akikwambia "don't get smart with me" hapo hakuna sifa, anasema acha ujeuri.

Clever ndo ya kuangalia sana. Mwingereza anamsifu nayo mtoto anayepata hesabu haraka, haina ubaya, lakini mle ndani kuna mjanja amejificha, na mjanja si unamjua, leo kakurekebishia gari kesho dizeli imepungua na hakuna aliyeiona. Ikizidi hapo inakuwa cunning au sly, hizo mwachie sungura wa hadithi. Shrewd ni yule mchuuzi anayekuona tu ukishuka kwenye matatu ashajua atakuuzia kwa bei gani, kwa biashara ni sifa, kwa fundi sijui. Bright ni ya watoto na vijana, mzee kama mimi ukiniambia "you're bright" naona umenirudisha praimari. Intelligent ni ya ofisini, haina kosa, haina ladha pia. Wise iache, hiyo ni hekima, kijana wa miaka ishirini ataipatia wapi?

Sasa barua yako. Smart usiweke, bosi akiwa wa hapa hapa Uganda atadhani unasifia mashati ya kijana. Mi ningeandika resourceful, yaani mtu asiyekosa njia hata kama vifaa havipo, na mstari unaofuata utaje gari liliharibika wapi na yeye alifanya nini likatembea.