Supachaja inagonga na gari limekosa nguvu: tuanzie wapi?

SWALI: Habari zenu, mafundi. Gari langu ni Pontiac Grand Prix GTP ya mwaka 1999, injini ya V6 ya lita 3.8 yenye supachaja. Nikiwa nimesimama, injini ikinguruma taratibu, mbele hutoka mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta kidogo unanyamaza. Isitoshe, mlimani halivuti kama zamani. Nimeambiwa supachaja imekufa, nitafute nyingine. Ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kitu bado. Mlio na ukosefu wa nguvu huenda ni magonjwa mawili tofauti, na yote mawili mara nyingi hutibika bila kubadilisha supachaja.

Tuanze na mlio. Supachaja yako, yaani pampu inayozungushwa na mkanda ili kuisukumia injini hewa zaidi, ni Eaton M90, aina ya Roots: ndani yake rota mbili huzunguka pamoja na kusukuma hewa. Puli haizungushi rota moja kwa moja. Ndani ya pua, yaani ile sehemu ndefu inayobeba puli, kuna kapla ya plastiki inayoshikana na pini za shafti ya puli upande mmoja na pini za giya za rota upande wa pili. Matundu ya kapla yakilika hugeuka umbo la yai. Injini ikinguruma taratibu, mzunguko wake huenda kwa mikupuo kila silinda inapowaka, na rota hazina mzigo, kwa hiyo pini hugonga huku na huku. Ukikanyaga, mzigo unazibana upande mmoja na kelele inakwisha. Beringi mbovu haina tabia hiyo: hukwaruza, na sauti huongezeka kadiri mizunguko inavyopanda. Mvumo mwembamba unaopanda pamoja na injini usikutishe, ndiyo sauti ya Roots.

Hakikisha hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua mkanda wa supachaja. Kwenye injini hii una mkanda wake peke yake, hivyo pampu ya maji itaendelea kufanya kazi ukiwasha. Washa kidogo: mlio ukipotea, chanzo ni supachaja, au kikaza mkanda chake, basi kizungushe nacho kwa mkono. Zima, kisha shika puli na uigeuze kushoto na kulia polepole. Ikicheza kidogo, ukasikia "tak", ndipo rota zikaanza kusogea, kapla imelika. Sasa ivute puli juu na chini. Hapo haitakiwi kucheza hata kidogo; ikicheza, beringi za pua zimekwisha.

Kabla ya kufungua pua, vua throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) umulike rota kwa tochi. Rota hazitakiwi kugusana wala kugusa ukuta. Ukikuta mikwaruzo inayong'aa ukutani, au rangi ya rota imekwanguliwa kwenye kingo, hapo ndipo tunakubaliana na aliyekuambia utafute nyingine. Giya za rota hubanwa kwenye shafti kwa pembe maalumu, na kuzipanga upya kunahitaji vifaa ambavyo gereji ya kawaida haina. Dimbwi la oili mbele ya rota maana yake sili zinavuja.

Rota zikiwa safi, badilisha kapla. Toa waya hasi wa betri. Nyonya oili ya pua kwa bomba la sindano na uimimine kwenye kitambaa cheupe. Weusi pekee ni uzee. Vipande vya chuma ni giya zinazolika. Fungua bolti za pua, uigonge kwa nyundo ya mpira hadi iachie, kisha uivute ikiwa imenyooka. Usipenyeze bisibisi kwenye maungio, kwani mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu utavuja maisha yote. Angalia pini: zikiwa na ngazi ya kulika, kapla mpya haitadumu. Kapla ya asili ina springi. Sisi tunapendelea ile ngumu isiyo na springi, ina vitu vichache vya kulegea. Kwangua silikoni ya zamani kwa kipande cha plastiki, paka mpya uzi mwembamba wa milimita 2 hivi, rudisha bolti na uzikaze kwa kukingamisha. Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake ndipo ujaze oili.

Oili ni ile maalumu ya supachaja, yenye harufu kali isiyosahaulika. Usitie ya injini wala ya giaboksi: rota huzunguka karibu mara mbili ya kasi ya injini, na oili isiyofaa hutoa povu na kuacha giya zikavu. Jaza gari likiwa tambarare na baridi, hadi oili ifike ukingo wa chini wa nyuzi za tundu la kujazia. Ukizidisha, itapenya sili na utaona moshi wa bluu.

Sasa nguvu. Kapla iliyolika hupiga kelele lakini bado huzungusha rota, kwa hiyo haikunyimi nguvu hadi ikatike. Tazama valvu ya mchepuko, ile inayoruhusu hewa kuizunguka supachaja wakati nguvu yake haihitajiki. Mtu mmoja awashe, wewe uangalie kijiti chake: injini ikizimwa springi huifunga valvu, ikiwaka mvuto wa hewa wa injini huifungua, na mafuta yakikanyagwa ghafla kijiti hurudi kufunga. Kisiposogea, kagua hozi nyembamba zilizopasuka, kisha diaframu (utando unaosogeza kijiti) kwa pampu ya mkono ya kuvuta hewa. Mvuto ukishuka, imetoboka. Kisha funga geji ya shinikizo la hewa ya supachaja: ukikanyaga hadi mwisho ukiwa barabarani, tarajia karibu baa 0.5. Ikipanda kisha ikaanguka kadiri mizunguko inavyoongezeka, mkanda unateleza.

SWALI: Je, naweza kuendesha bila mkanda huo hadi kapla ifike?

JIBU: Kwa injini hii, ndiyo, taratibu. Hewa itapita kwenye valvu ya mchepuko na gari litakuwa zito. Lakini kama rota zimekwaruzana, usiwashe kabisa, kwa sababu vipande vya aluminiamu vitavutwa hadi kwenye silinda.