Je, Mama Yangu Hayuko Popote?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Shikamoo. Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Tulimzika huku mjini kwa sababu nauli ya kumsafirisha hadi kijijini ilikosekana, na sasa kaka anataka kukopa ili tumhamishe. Siku ya kuanua tanga mhubiri mmoja alisimama akasema kwamba roho isiyokufa ni fundisho la Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, lililopenyezwa kanisani, kwamba Wakristo wa kwanza hawakulijua, na kwamba mama kwa sasa hayuko popote. Alimtaja hata Mtakatifu Yustino. Tangu siku hiyo nikitaka kumwombea mama, maneno yananikwama. Ni kweli alivyosema?

JIBU: Milele amina. Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa msiba. Imeniuma kusikia kwamba maneno hayo yalisemwa chini ya turubai la matanga, mbele ya watoto wa marehemu. Hata yangekuwa kweli, pale hapakuwa mahali pake. Nayo si kweli.

Mhubiri huyo ameshika kitabu halisi, akakisoma nusu. Katika Mazungumzo na Trifoni, kilichoandikwa katikati ya karne ya 2, Yustino, mmoja wa waandishi Wakristo wa mwanzo, anasimulia jinsi alivyokuwa mfuasi wa Plato. Siku moja alikwenda mahali pa upweke karibu na bahari ili atafakari, akageuka, akaona mzee mmoja yuko nyuma yake. Wakaanza kuzungumza, na yule mzee akambana kwa maswali mpaka akakosa la kujibu: roho haina uzima wa kwake yenyewe, inaishi kwa sababu Mungu anapenda iishi. Hapo ndipo mhubiri wenu alipofunga kitabu. Angesoma mazungumzo hayo yote angemkuta mzee yuleyule akikataa kusema kwamba roho zote hufa. Roho za wacha Mungu, anasema, hukaa mahali pema, na za waovu mahali pabaya, zikingoja siku ya hukumu. Asiyekuwepo hangoji.

Basi angalia tofauti. Kwa Plato, roho haifi kwa sababu ya asili yake, ilikuwepo kabla mtu hajazaliwa, na mwili ni kama gereza lake. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za kwanza, hawakuyameza hayo. Tertuliano wa Karthago, huko Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya roho, mnamo mwaka 210, na sehemu kubwa anagombana na Plato. Anasikitika kwamba Plato amekuwa muuza viungo anayewakolezea wazushi wote. Alimkimbia Plato mpaka akapita kiasi, akasema roho nayo ni mwili wa namna fulani, na Kanisa halikumfuata huko. Sasa niambie: mtu wa namna hiyo angeazima imani yake kwa Plato? Naye mwishoni mwa kitabu hichohicho anauliza kama roho hulala usingizi hadi ufufuko, anajibu hapana, kinacholala ni mwili. Msingi wake ni Maandiko: roho zinazolia chini ya madhabahu katika Ufunuo 6, Lazaro na yule tajiri katika Luka 16. Habari hiyo ya Lazaro ndiyo aliyoitumia pia askofu Ireneo wa Lyon, mnamo mwaka 180, na ni Ireneo huyohuyo anayesema kwamba uzima wetu hautoki katika asili yetu, tunapewa na Mungu.

Wala fundisho la huyo mhubiri si jipya. Eusebio wa Kaisaria, mwandishi wa historia ya Kanisa, anaeleza kwamba katika karne ya 3 walitokea watu huko Arabia waliosema roho hufa na kuoza pamoja na mwili, kisha hufufuka nao. Mkutano mkubwa uliitishwa, Origene, mwalimu mashuhuri wa Kikristo, akaalikwa, akajadiliana nao mpaka wakaliacha wazo hilo. Origene mwenyewe aliteleza kwingine, kwenye wazo la roho kuwepo kabla ya kuzaliwa, ambalo Kanisa lililikataa katika karne ya 6. Hilo kweli lilinuka Plato.

Na wakikusomea Kitabu cha Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote, waombe wafungue na sura ya 12 ya kitabu hicho, roho inapomrudia Mungu aliyeitoa.

Tuyaache mabishano, nirudi kwako. Mwaka 387, huko Ostia, bandari ya Roma, Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alishikwa na homa akiwa njiani kurudi Afrika. Alikuwa ametayarisha zamani kaburi lake kando ya mumewe, huko Thagaste, katika Algeria ya leo. Sasa akawaambia wanawe wamzike popote. Aliwaomba tu wamkumbuke altareni pa Bwana. Watu walikuwa wamemuuliza kama haogopi kuuacha mwili wake mbali na kwao. Akawajibu kwamba hakuna kilicho mbali kwa Mungu, wala hana hofu kwamba siku ya mwisho Mungu hatajua pa kumfufulia.

Mwaka huohuo Augustino alikuwa ameandika kitabu cha hoja juu ya kutokufa kwa roho. Mama alipokufa alijizuia kulia. Akaenda kuoga, maana alisikia kuoga huondoa huzuni, akatoka kama alivyoingia. Usingizi ulimchukua, na alipoamka machozi yakaja. Baadaye, akiandika habari hizo, aliwaomba wasomaji wake wawakumbuke wazazi wake wawili altareni.

Kwa hiyo lia, binti yangu. Maneno yakikwama, taja jina la mama tu, kisha nyamaza. Peleka nia yake ya Misa parokiani kwenu. Na kaka yako mwambie, kwa upole, asikope.